Gego la Kupimia Mahindi

Mume wangu Bartolomayo ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa, na mashine yake ya kupimia ukavu ni gego la juu, kulia. Anatia punje mdomoni, anang'ata. Ikilia "ka!", mahindi makavu, pakia. Ikibonyea, rudi ukaanike. Wanunuzi wanaliamini kuliko kipimo cha betri. Na anavyoringa! Utadhani gego limesomea chuo.

Mwaka huu likaanza kumuuma. Chai ya moto, analia. Maji baridi, analia. Nikamwambia, "Baba Emilia, ling'olewe tupumue." Weee! Alininunia siku mbili. Daktari wa kwanza akataka kutoa mishipa yote ya ndani. Bartolomayo akaruka kitini: "Jino maiti litasikia punje?"

Basi tukaenda Dodoma mjini kwa Daktari Evodia, binti mpole.

"Shikamoo, baba. Ndani ya jino kuna nyama laini. Iliyougua nitaitoa. Iliyobaki ikiacha kuvuja damu, ni hai. Nitaifunika kwa dawa, nizibe. Ikigoma kuacha, itabidi tuitoe yote."

Mwanaume wa miaka hamsini na nane akanishika mkono, mdomo wazi hivyo hivyo, akawa anaisihi damu kwa Kigogo. Hata mimi Mgogo mwenzake sikuambulia neno. Damu ikakata, daktari akaziba.

"Mwezi mzima, hakuna kung'ata punje," daktari akaonya.

Sasa apime nani? Akajaribu gego la kushoto, akayaita makavu mahindi yaliyokuwa yameanza kuchipua. Soko zima likacheka. Jioni akaja jikoni kwa adabu: "Mke wangu, niazime meno yako." Nikapima mimi. Siku tatu za kwanza alinisahihisha, halafu akawa anasema "pakia" tu.

Siku ya kurudi, daktari akaligusa jino kwa kitu cha baridi. "Yalaa!" Bartolomayo akaruka, kisha akacheka mpaka machozi. "Liko hai, Ruthu! Umesikia? Liko hai!" Nami nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Kesho yake akavaa shati la kanisani, tukaenda sokoni. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Sila.

"Shikamoo, mzee. Pole na jino. Mama atatupimia saa ngapi?"

Bartolomayo akang'ata punje pale pale. Ka! "Makavu!"

Sila hakupakia, akanitazama mimi. Mume wangu akatafuna, akameza, akachota punje nyingine akanipa.

"Hebu ng'ata na wewe," akasema. "Mimi ndiyo kwanza nimetoka hospitali."