Uso wa Papa Juu ya Gunia la Unga

Papa, baba yangu, alikufa mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, donc sina cha kusimulia juu yake. Alifanya kazi ya reli upande wa Lubunga, akaugua, basi. Picha zake za karatasi ziliungua wakati wa vita. Ilibaki moja tu, ya kupakwa rangi, ambayo mchoraji wa mtaa wetu wa Kabondo aliichora papa akiwa hai, juu ya kitambaa cha gunia la unga. Tuliitundika salon, pale wageni wanapokaa, juu ya redio mbovu. Miaka ile uso wa Rais ulikuwa kila mahali, mpaka kwenye makalio ya wamama, juu ya vitenge vya chama. Uso wa papa ulikuwa pale tu.

Kila Jumamosi jioni mama alimwogesha. Sisemi aliipanguza picha, nasema alimwogesha: maji ya vuguvugu, kitambaa, sabuni kidogo, kisha mafuta ya kokwa za ngazi, yaani chikichi, yale yale tuliyojipaka sisi tukitoka kuoga. Mtu haendi kanisani amepauka, alisema. Shati na mikono hakuvigusa, uso tu. Majirani walimsifu: huyu mjane anajua kumtunza bwana yake.

Nilipomaliza shule nikapata kazi kwenye makumbusho ndogo, nyumba ya zamani ya Mbelgiji mmoja karibu na mto. Asubuhi tulicheza na kuimba kwanza kwa ajili ya chama, ilikuwa amri, jasho likatutoka, ndipo tukaingia kazini. Ukungu ulikuwa unakula kila kitu mle. Basi wakatuletea mtaalamu kutoka Kinshasa, mama mmoja wa miwani minene, atufundishe kutunza picha. Alikuwa mkali, na siku za kwanza alitukataza kugusa. Tuangalie tu. Weka taa pembeni, mwanga ulale juu ya picha, utaona rangi ilipoinuka na ilipopasuka. Geuza nyuma, angalia kitambaa. Kisha pamba kwenye kijiti, ilowanishe kwa mate yako mwenyewe, jaribu kwenye kona ndogo. Tulicheka, jamani, mate! Kumbe yanatoa uchafu polepole, hayana ukali wa sabuni. Na sheria yake kubwa ilikuwa hii: usichokijua, usikichore.

Nikamfikiria papa. Uso wake ulikuwa umekuwa mweusi, mafuta yameshikana na moshi na vumbi, hata macho huyaoni. Nikamwambia mama kwamba chini ya ule weusi papa yuko, na mimi nitamtoa. Siku niliyoibeba picha kwenda kazini, mama alivaa kitenge chake cha sikukuu kunisindikiza mpaka barabarani. Mimi nilitaka kitu kimoja, kujua kama nimefanana na papa.

Niliifanya kazi ile jioni, wenzangu wakishaondoka, mtaalamu amesimama nyuma yangu. Shati likatoka, la buluu. Mikono ikatoka na kucha zake. Nikapanda shingoni. Pamba ikawa nyeusi, nyeusi tena, halafu nikaona nyuzi za gunia. Nikahamia shavuni, nyuzi. Mahali pa jicho nikasoma herufi za kiwanda cha unga. Mtaalamu akachukua lenzi, akaangalia sana, akasema rangi haipo, citoyenne, ndivyo wananchi tulivyoitana miaka ile, imeondoka na kitambaa cha kuogea. Tulichokuwa tunakiita uso kilikuwa mafuta na moshi. Nilikusanya pamba zangu, nikanawa mikono.

Nadhani alinihurumia. Akasema kama mjane anaukumbuka ule uso vizuri, aje aueleze, mimi nichore kwanza kwa penseli, tuone. Kesho yake mama akaja, akakaa mbele ya lile shati lisilo na kichwa. Akauliza ni nini kimekula uso. Mtaalamu akamwambia wazi, ni sabuni na mafuta. Mama akaitika tu, eeh, kama mtu aliyetajiwa bei ya mboga ya sombe sokoni.

Nikamuuliza pua. Akasema ya kawaida. Macho? Makubwa, akasema, halafu akasema hapana, hayakuwa makubwa. Mdomo? Akafumba macho, akayafumbua, akaangalia dirishani. Karatasi yangu ilikuwa bado nyeupe.

"Miye sikukuwa namuangalia," akasema. "Nilikuwa namuogesha tu."

Nikamweleza kwamba basi tutaweka rangi ya udongo tupu, bila kuchora kitu, ili jicho la mtu lisianguke kwenye lile pengo la uso. Ndivyo kazi inavyotaka. Akafikiri.

"Weka tu uso wa mutu yeyote, mutoto wangu. Nitamuzoea."

Nikamtazama mtaalamu, naye akatikisa kichwa kukataa. Nikachanganya rangi ya udongo, nikaijaza taratibu kuanzia kidevuni mpaka kwenye nywele. Mama alisubiri mpaka nikamaliza. Nilitaka kumuuliza kama nimefanana na papa. Sikuuliza. Angenijibu chochote, ili tu nifurahi.