Namba tisa ya Mzee Kituyi

Saa moja na robo asubuhi, umande bado umelala kwenye majani, na Mzee Kituyi Wamalwa ameketi juu ya gogo kando ya shamba lake akifunga matambara miguuni. Anazungusha kitambaa cha kwanza, kisha cha pili, kisha kipande cha gunia. Akimaliza anaingiza miguu ndani ya suruali ya mpira iliyoungana na buti chini na kufika kifuani juu. Anasimama, anapiga hatua mbili, anasonya.

"Bado inacheza," anasema, kisha anaketi na kuanza upya.

Mbele yake kuna mtaro anaouchimba tangu Oktoba mwaka jana. Umekata katikati ya kinamasi na umebakiza hatua arobaini kuufikia mto. Hatua hizo ndizo zenye maji ya kiunoni na tope linalomeza jembe, na ndizo zitakazoamua kama mzee huyu wa miaka hamsini na minne ana shamba au hana.

Kamati ya kikundi kilichonunua shamba hili la mzungu, upande wa Kaptagat nje ya mji wa Eldoret, haikuzungukazunguka. Mwenye ploti ya chini ambaye mtaro wake hautakuwa umefika mtoni mvua kubwa zikianza, atanyang'anywa, na ploti itapigiwa kura upya. Maji yakikosa njia huku chini, huwarudia majirani wa juu. Leo ni katikati ya Februari, 1971, na mvua hizo huanza Machi.

Kinachouma ni kwamba huenda hakuna mtu wilaya hii nzima anayezijua suruali hizi za mpira kumshinda yeye.

Kwa miaka kumi na minane Mzee Kituyi alitunza stoo katika kambi ya wavuvi wa samaki aina ya trauti iliyokuwa ndani ya shamba hilohilo. Wageni walifika kila Jumamosi na fimbo zao za kuvulia, na yeye ndiye aliyewachagulia suruali ya mto, kama wafanyakazi walivyoiita. Mgeni akishuka garini, Kituyi alimtazama miguu kabla ya uso.

"Mtu anakuja anasema yeye ni namba kumi. Ni kiburi tu," anasema. "Mimi naona mguu ni nane, nampatia tisa na jioni ananishukuru."

Mwulize habari za kuchagua na utasahau kwamba una safari. Mto wa mawe yenye utelezi, anasema, unataka soli ya sufu nzito, kwa sababu hushika jiwe. Tope linataka soli ya mpira yenye meno, maana sufu hubeba udongo mpaka mguu ukashindwa kuinuka. Mvaaji achuchumae kwanza. Ikimbana magotini, itapasuka kabla ya mchana. Mkanda ukazwe kiunoni, ili akianguka maji yasimjae miguuni yakamzamisha. Na kabla ya yote, ingiza tochi ndani ya suruali, funga mlango wa stoo, utafute panapopenya nuru.

Yeye mwenyewe alikuwa akiingia mtoni na kaptura. Suruali zilikuwa za wageni, naye alitangulia mbele yao akipima kina kwa fimbo, maji ya mlimani yakimkata mapaja. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi tisini kwa mwezi. Daktari mjini amemwambia viungo vya magoti vimekwisha na asiguse tena maji baridi. Mwandishi anaandika hili kwa hasira, na hajui amkasirikie nani, kwa kuwa waliokuwa wakivua hapa wamekwishapanda ndege.

Mwenye shamba aliuza mwaka 1969. Wanakikundi walichanga, wakapima, kisha wakaokota vikaratasi vya namba kutoka ndani ya kofia. Kituyi aliokota ploti ya kinamasi, ekari nne.

"Watu walicheka," anakumbuka. "Mimi sikucheka. Hiyo pahali naijua."

Kambi ilipofungwa, meneja alimwita stooni akamwambia achague suruali moja iwe zawadi yake ya kuagwa. Zilizobaki zingeuzwa kwa Mahamud, mwenye duka mjini Eldoret. Kituyi alikaa humo asubuhi nzima. Aliziacha zile nyepesi za turubai ambazo wageni walizigombania. Aliziacha za soli ya sufu. Alichukua moja ya mpira mzito, yenye meno, isiyo na tundu hata moja. Ilikuwa namba tisa, na mguu wake ni namba nane.

"Kila mgeni nilikuwa namwongezea namba moja, kwa sababu wao wanavaa soksi mbili za sufu ndani," anaeleza, macho yake yakiwa chini. "Siku hiyo mkono ulienda wenyewe kwa tisa. Nilikuwa nachagulia mgeni. Mimi soksi kama hizo sijawahi kuwa nazo."

Kosa hilo lilijionyesha Januari. Alikuwa ndani ya maji ya kiunoni tope liliposhika buti la kushoto. Mguu ukachomoka ndani ya buti, buti likabaki pale pale, naye akaanguka ubavu na goti likapinda vibaya. Mkanda ndio uliomwokoa, pamoja na mkewe, Nanzala, aliyemvuta kwa kamba ya ng'ombe.

Goti halijarudi sawa tangu siku hiyo. Alijaribu soksi za sokoni, akaona ni nyembamba mno. Akaibeba suruali mpaka mjini ili abadilishiwe.

"Mzee alikuja na hiyo tisa kwa bega," anasema Mahamud dukani kwake. "Nikamwambia, wallahi, nane zote zimeenda. Na wenye walinunua wamekata hapa kwa goti, wanavaa kukamulia ng'ombe. Ningejua, ningemwekea moja."

Asubuhi hii anaingia tena, matambara na yote. Hatua ya tano anasimama. Jembe liko mikononi na halisogei. Nanzala anashika kamba na kumrudisha polepole mpaka kwenye gogo, na hapo mzee anakaa akihema, uso umemwiva kwa maumivu.

"Baba Musimbi," anasema Nanzala, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyeolewa Kitale. "Nimekuambia mara ngapi? Nipe mimi."

Nanzala ni mrefu kuliko mumewe, na mguu wake ni mkubwa. Anasema alitaniwa kwa sababu ya mguu huo tangu utotoni. Kwa mwezi mzima amekuwa akiomba kuingia, na mumewe akikataa.

"Watu watasema nini?" Mzee Kituyi anamgeukia mwandishi. "Mwanamke amevaa suruali, yuko ndani ya maji, mwanamume amekaa kando kama mgonjwa."

"Lakini si wewe ni mgonjwa?" anauliza Nanzala kwa upole.

Mzee anautazama mtaro. Kisha anafungua mkanda, anaivua suruali, anaifuta ndani kwa kiganja na kumwonyesha mkewe gogo. Anaushika mguu wa mkewe, anaupima kwa shubiri, anaufunga kitambaa kimoja tu na kuuingiza.

"Simama. Chuchumaa. Inakubana?"

"Haibani."

"Piga teke. Inacheza?"

"Haichezi."

Anakaza mkanda, anauvuta mara mbili kuujaribu. Macho yake yamejaa machozi na hayafichi. Hatua mbili kwa siku, anamwambia mwandishi, ni siku ishirini. Mvua ikichelewa mpaka tarehe kumi Machi, mtaro utakuwa umefika, na Aprili watapanda viazi.

"Nilitaka niumalize mwenyewe," anasema. "Hii miguu imekataa."

Nanzala anashuka majini na jembe. Mzee Kituyi amezungusha kamba mkononi mara tatu, na hailegezi mpaka mkewe apite hatua ya sita.