Mwende Ndani ya Tangi

Wimbo ule unaanza kama matone ya maji yanayoangukia karai tupu. Ti, ti, ti-ti. Halafu inaingia ngoma ya mashine, nzito na ya polepole, kama mtu anayegonga mlango akijua hautafunguliwa. Juma lililopita niliusikia tena hapa Nunguni, katika hoteli ndogo ninakoosha vyombo. Mteja mmoja alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni akinywa supu, na simu yake ikalia kwa wimbo huo. Mikono yangu ilikuwa majini, na maji ya Nunguni asubuhi yenye ukungu huuma hadi kwenye mifupa. Mteja akaongea na mtu wake habari za kabeji, akamaliza, akairudia supu yake. Mimi bado nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Huwa nachoka sana siku hizi, lakini si uchovu ulionisimamisha.

Wacha niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikaa na susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, kwenye boma letu nje kidogo ya Zombe. Mama yangu, ambaye nilimwita mwaitu kama watoto wote wa kwetu, alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Alisema ni miaka miwili. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili tukitoka kanisani. Baadaye simu zikawa za mwezi kwa mwezi, halafu zikanyamaza, na miaka miwili ikapita bila yeye. Susu hakulizungumzia jambo hilo. Alianza tu kuitazama simu yake jinsi mtu anavyotazama mawingu.

Jina la mwaitu ni Mwende. Kwa Kikamba, mwende ni mtu unayempenda, na wanawake wengi huitwa hivyo. Nililijua neno hilo vizuri, lakini nyumbani kwetu lilikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na mwende mwingine.

Wimbo uliletwa na Kioko, kinyozi wa sokoni ambaye pia alichaji simu za watu na kuwajazia nyimbo. Susu alimpelekea simu akitaka nyimbo za kanisa. Kioko akamjazia kumi na mbili, na baada ya ule wa kumi na mbili akaweka huo, sijui kwa makosa au kwa utundu. Haukuwa na gitaa hata kidogo. Wazee wa Zombe wamezoea gitaa, kwa hivyo waliucheka sana. Kila kitu kilipigwa kwa kinanda cha umeme, na sauti ya mwimbaji ilikuwa imepitishwa kwenye mashine hadi ikawa na mwangwi wa bati.

"Huyu anaimbia ndani ya friji," susu alisema siku ya kwanza. Lakini hakuzima.

Kiitikio kilikuwa maneno matatu tu. Mwende, wi va? Mwende, uko wapi? Yalirudiwa na kurudiwa mpaka ngoma ikachoka yenyewe. Nilipoyasikia niliacha kuchambua ndengu. Nikafikiri, huyu mtu anamtafuta mwaitu. Kama anamtafuta, basi kuna mahali alimwona mara ya mwisho. Kila jioni nilizikalia nyimbo kumi na mbili za kanisa, kwa subira ambayo susu aliichukulia kuwa ni wokovu, ili tu niufikie ule wa kumi na tatu.

Mimi ni mtu wa aibu tangu zamani. Ilinichukua karibu wiki mbili kuingia kwa Kioko. Alikuwa akimnyoa mzee mmoja.

"Huyu anayeimba anamjua mwaitu?" nikamuuliza, nikiangalia nywele zilizoanguka sakafuni.

"Anamwimbia wa kwake, wewe mtoto."

"Wa kwake anaitwa nani?"

Kioko akafikiri. "Mwende."

"Basi ni mwaitu."

Mzee akacheka hadi Kioko akaondoa mashine kichwani mwake asimkate. "Umeshindwa, Kioko," akasema. "Mwambie mtoto mahali mama yake yuko."

"Sikia," Kioko akaniambia. "Huyu anaimbia ndani ya tangi. Ndiyo sababu sauti yake inafika mbali. Hata wewe ukimwita ndani ya tangi atakusikia."

Wote wawili wakacheka, na mimi nikaondoka nikiwa nimeshukuru kabisa.

Tangi tulikuwa nalo. Lilikuwa jeusi, la plastiki, na mwaitu ndiye aliyelinunua kabla ya kusafiri, ili susu asiende mtoni tena. Lakini mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na tangi lilikuwa kavu. Kila siku nikitoka shule nilipanda kwenye mawe yaliyolishikilia, nikafungua kifuniko na kuingiza kichwa. Ndani kulinukia plastiki iliyopigwa na jua, na vumbi. Nikaimba. Tangi likanirudishia sauti yangu ikiwa kubwa na ya bati, sawasawa na ile ya kwenye simu. Mwende, wi va? Nilisubiri kidogo baada ya kila mara, ili nimpe nafasi ya kujibu.

"Tangi ni la maji," susu alisema aliponikuta. Lakini hakunikataza.

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta yeye. Hangeweza kupanda mawe, kwa hivyo alikuwa ameinama, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na mfereji wa tangi. Aliponiona alijinyoosha akishika kiuno.

"Naangalia kama linavuja," akasema.

Nikaamini. Hata sikujiuliza tangi lisilo na maji lingevuja nini.

Mwaitu alirudi siku ya shule, mchana. Hakukuwa na simu ya kututayarisha. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha susu, sanduku lake limefungwa kwa utepe wa gundi pande zote, yeye amekonda na macho yamerudi ndani. Alinishika uso kwa mikono miwili, mikono migumu iliyonukia sabuni. Kisha akalala. Alilala siku tatu, akiamka tu kunywa uji. Mimi nilikaa mlangoni na simu ya susu. Nilitaka aamke ajue kwamba tulimwita. Hilo tu ndilo nililotaka, ajue hatukunyamaza.

Siku ya tatu alifungua macho. Nikaruka nyimbo zote kumi na mbili na kuweka ule.

Ti, ti, ti-ti. Mwende, wi va?

Alikurupuka kitandani kama aliyemwagiwa maji, akashuka, akaanza kutafuta viatu kwa miguu. Halafu akaniona.

"Zima."

"Ni wimbo wako, mwaitu."

"Zima, nimesema."

Nilizima. Nilitoa ile kadi ndogo ya nyimbo ndani ya simu, nikapanda kwenye tangi nikaitupa humo, pamoja na nyimbo za susu za kanisa. Nikaapa sitamwita tena. Na kweli, kwa muda mrefu nilimjibu alichouliza tu. Baadaye alihamia Kabati kuuza nafaka, mimi nikabaki na susu, na mimi na mwaitu tukawa watu wanaoulizana kama wamekula.

Susu hakuniuliza kadi iko wapi.

Sasa mimi ni mtu mzima, susu hayupo, na ilikuwa Desemba tu iliyopita ndipo nilipomuuliza mwaitu kwa nini aliuchukia wimbo ule. Tulikuwa tukipepeta ndengu dukani kwake. Hakusimamisha ungo.

"Kule waliniita jina lingine," alisema. "La kwangu lilikuwa gumu kwao. Miaka mitatu. Lakini jirani alikuwa na msichana wa kazi wa Makueni, Mkamba mwenzangu. Tulianika nguo juu ya paa, yeye kwake, mimi kwangu, na alikuwa akiweka huo wimbo. Hapo tu ndipo nilisikia mtu akisema Mwende." Akapuliza makapi. "Ile siku ulipouweka, nilidhani bado niko kule. Nilidhani nimechelewa kuanua nguo."

Nilikuwa nimemwita siku zote zile, na alikuwa akisikia. Kioko alisema kweli bila kujua. Na nikakumbuka susu ameinama kwenye mfereji, naye pia binti yake alikuwa hajulikani aliko.

Yule mteja wa supu alipoondoka, nilikausha mikono nikampigia mwaitu. Akauliza kama nimekula. Kwetu mtoto hamwiti mama yake kwa jina, ni utovu wa adabu, na mimi sijawahi. Lakini nilisema.

"Mwende, wi va?"

Nilisikia ndengu zikiacha kuruka kwenye ungo. Nikafikiri nimemkosea tena.

"Ni vaa," akasema. Niko hapa.