Nimeandikwa nimeridhika

Jamani, leo nimeuliza swali mkutanoni na nimerudi nyumbani sielewi hata nilichojibiwa.

Alikuja mkubwa mmoja kutoka wilayani. Nikasimama.

"Shikamoo baba. Zahanati yetu ina nesi mmoja. Akienda Tarime kufuata dawa, anafunga mlango. Binti yangu Bhoke anajifungua mwezi huu. Nesi wa pili anakuja lini?"

Akasema manesi wapo, ila hawakai kijiji kisicho na umeme.

Sawa. Nikauliza, umeme je?

Akasema umeme uko kwenye mpango, ila wataanza na vijiji vyenye huduma zilizokamilika. Mfano, zahanati yenye manesi wa kutosha.

Kichwa kikazunguka. Yaani nesi anasubiri umeme, na umeme unamsubiri nesi?

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akauliza kama kawaida yake, "Mama Bhoke, umeridhika na jibu?"

Na mgeni utambishiaje mbele za watu? Nikasema nimeridhika, asante.

Makofi. Mtendaji wa kijiji akaandika kwamba nimeridhika.

Mkutano ulipoisha nikamfuata mtendaji anifutie. Akacheka. "Mama, muhtasari umeshasainiwa. Swali lako limejibiwa."

Nimefika nyumbani, Bhoke kasimama mlangoni kashika kiuno. "Mama, wamesemaje?"

Nimemwambia ale kwanza.

Sasa ugali unakaribia kuisha. Nyie mliokuwepo, niambieni basi, yule baba alijibu nini?