Gozbert na Mulamula Uliojiotea

Gozbert wa Chonyonyo alikuwa akijisifia ugonjwa. Wengine tukiugua tunaomba uji. Yeye alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba halali, kama mtu aliyepita udiwani bila kupingwa.

Ilianza msimu wa kahawa. Mwaka uliotangulia wezi walimzolea kahawa aliyoianika uani, yeye yuko ndani anakoroma. Msimu huu akaapa hawatamkuta tena amefumba macho. Akawa anakesha na panga, mdomoni ana kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa mbili tatu kwa heshima. Gozbert hakuwa mgeni wala hakujiheshimu. Alizitafuna viganja kwa viganja. Kahawa ikauzwa, wezi wakahamia kwa wengine, yeye akabaki macho vilevile. Usingizi ulishamkimbia, halafu anadai ndiye aliyeufukuza!

Asubuhi alipita akigonga milango ya watu kwa fimbo. "Mnalala kama magunia! Ndiyo maana migomba yenu imekonda!" Ya kwake ilikonda zaidi, maana alipalilia akiwa hoi, anakata machipukizi mazuri na kuacha magugu. Mkewe Dafroza akimwonyesha, anafokewa. Mbuzi naye alifokewa. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akiifokea ndoo.

Dafroza akamburuta mpaka zahanati. Nesi Vero akampima presha, akatazama kipimo, akampima tena.

"Baba, huwa unalala saa ngapi?"

"Kulala ni kwa wavivu."

"Basi moyo wako unaomba uvivu kidogo. Mtu akilala, presha inashuka, mwili unajitengeneza, kichwa kinapanga kumbukumbu zake. Usipolala unasahau mpaka ulichofanya kwa mikono yako, na hasira zinakupanda bure. Mchana ukifika, hizo kahawa acha."

"Kumbe siku hizi mnasomea usingizi?"

"Tunasomea watu wanaoanguka shambani, baba."

Akatoka anasonya. Kahawa nyingine alikwishaitia mdomoni kabla hajafika getini.

Wiki hiyohiyo akapata mwizi mpya, tena wa tumbo moja: mdogo wake Kyomukama. Mashamba yao yamepakana. Marehemu baba yao aliwagawia, akapanda milamula mpakani. Mulamula ni ule mti mwembamba wenye majani marefu, na ukishaota kwenye mpaka hakuna anayeugusa. Kuuhamisha ni kutangaza vita. Sasa Gozbert alikuwa ameuona mmoja, mbichi, umechipua ndani kabisa ya migomba yake. Akaenda mbio uani kwa Kyomukama.

"Kaka, shikamoo."

"Shikamoo yako mpelekee mwizi mwenzako! Umesogeza mpaka."

"Mpaka wa baba uko palepale, mstari mzima. Huo mmoja sijui umetoka wapi."

"Umetoka kwenye tamaa yako. Naita wazee, na mbele yao naapa kwamba ni wewe uliyeupanda."

Kyomukama akaweka jembe chini. "Ita. Ila ukiapa, kaka, hatutazikana. Nikifa usije. Ukifa siji, hata jeneza lako lipite mlangoni kwangu."

Kwetu neno hilo halitamkwi kwa mzaha. Ukilitimiza, hata watoto wenu hawasalimiani tena. Gozbert akajibu, "Kesho naapa," akaenda zake.

Kesho yake wazee wakaketi kando ya ule mulamula, mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anatory. Anatory akisimama kufungua kikao, bora uwe umekula. Alianza na sala, akaingia kwenye historia ya ukoo, akagusia na bei ya mbolea. Alipofika, "Haya, Gozbert, simama uape," Gozbert alikuwa ameegemea gunia la maganda ya kahawa, mdomo wazi, anakoroma. Dawa aliyoikataa kwa nesi aliipata kwenye hotuba.

"Mwamsheni aape!" Kyomukama akapiga kelele.

Dafroza akasimama katikati. "Atakayemgusa aanze na mimi. Tangu kahawa ya kwanza ichumwe sijamwona mtu huyu amefumba macho."

"Amenitukana akiwa macho, leo nimlindie usingizi?"

"Ndiyo, shemeji. Umlindie."

Wazee wakanung'unika, wakala ndizi za Dafroza, wakanung'unika tena. Kyomukama hakuondoka. Alitaka kiapo kile kitamkwe, apate kumchukia kaka yake kwa uhalali.

Jua lilikuwa limeshainama Gozbert alipoamka. Akaomba maji. Akamwambia Anatory, "Shikamoo, mzee," na watu wakatazamana. Kisha akausogelea ule mulamula, akachuchumaa, akafunua majani. Shinani palikuwa na kamba ya mgomba iliyooza, bado imefungwa fundo. Pembeni, kisiki cha mgomba uliokwisha kuvunwa. Akaligeuza lile fundo vidoleni, kama mtu anayetambua ufungaji wake mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Ule mkungu mzito. Upepo ulikuwa unauangusha, miti ya kuegemezea imeniishia. Nikakata tawi la mulamula pale mpakani, nikalikita hapa, nikafunga. Mvua zikaliotesha."

Hata mtoto wa Chonyonyo anajua mgomba hauegemezwi kwa mulamula, kwa sababu ukiukita tu unashika mizizi. Mzee mmoja akacheka mpaka akashika mbavu. Kyomukama hakucheka.

"Kwa hiyo mwizi ni nani?"

"Sijaapa, mdogo wangu."

"Una bahati ulikoroma. Ng'oa."

Gozbert akachimba. Mizizi ilikwenda chini kuliko alivyodhani. Kyomukama alisimama juu yake, mikono kifuani, hakumpa hata jembe lake. Mti ulipotoka, Gozbert alipangusa viganja, akamnyooshea kikapu cha kahawa ya kutafuna kama anavyonyooshewa mgeni. Kyomukama alikichukua, akakimwaga chote shimoni, akafukia kwa mguu.

"Kesho asubuhi napita hapa. Shemeji akiniambia umelala, tutazungumza habari ya kuzikana. Nikisikia umekesha, usinisubiri."

Gozbert alifungua mdomo kumjibu. Ukatoka mwayo.