Karamu ya Yating
Meza ya tofu ya Qiu Meifang ilipakana na meza ya pilipili kavu ya Tan Shulan, na miaka yote hiyo sokoni waliazimana mizani, wakalindiana biashara, na kuoneana wivu kimyakimya. Tuseme ukweli: wivu ulikuwa zaidi upande wa Meifang.

Matokeo ya mtihani wa kuingia chuo kikuu yalipotoka, Jiahe, mtoto wa Shulan, akapata chuo cha serikali kule Changsha. Yating wa Meifang akakosa kwa alama chache. Binti akaomba arudie mwaka, kama wanavyofanya wengi, na mwalimu wake akasema safari hii atapata.

Meifang hakutaka hata kusikia. Yaani Jiahe apande treni na sanduku jipya, halafu yeye abaki kuulizwa na kila mnunuzi wa tofu, "Na wako je?" Thubutu! Akamwandikisha binti chuo cha binafsi, ada mara nne ya ile ya chuo cha serikali, na baba mtu akarudi Guangdong kubeba zege ili ilipwe.

Kisha ikaja karamu ya kumpongeza Yating. Kwenye ya Jiahe, Shulan alikuwa ameandaa meza kumi, kwa hiyo Meifang akaandaa kumi na mbili, samaki mzima kwenye kila meza. Shulan alipolalamika kwamba mwanawe atalala chumba kimoja na wenzake saba, feni ya kugombania, Meifang akadakia haraka.

"Wa kwangu wanalala wanne tu, shoga. Na kiyoyozi juu."

"Ana bahati," Shulan akasema.

Lakini wageni walimzunguka nani? Jiahe. Wazee walimtajisha jina la chuo mara mbili mbili, wakitikisa vichwa kwa heshima. La Yating hakuna aliyeliuliza. Samaki walikuwa wa Meifang, pombe yake, ukumbi kakodi yeye, na sifa zinakwenda kwa mtoto wa mwenzake! Roho ilimuuma, akaisukuma sahani kando. Akajikaza kisabuni, akatabasamu.

Ikafika zamu ya Yating kuwanyanyulia wageni glasi ya shukrani. Alipofika kwa Shulan, mama yule akamshika mkono, akamwuliza kama amefurahi.

Meifang akamkanyaga binti mguu. Binti hakujali.

"Mimi niliomba mwaka mmoja tu, mama Jiahe," alisema, bila kupaza sauti. "Mama ndiye hakuweza kuvumilia Jiahe anitangulie."

Meifang akamgeukia Shulan upesi, akiwa tayari kwa kicheko cha dhihaka, maana kicheko angekijibu, maneno ya kumrudishia alikuwa nayo tangu zamani. Shulan hakucheka. Alimvutia Yating kiti kando yake, akamketisha, akaanza kumchambulia miiba ya samaki kama mwanawe wa kumzaa. Na binti akala.