Rudi Bila Mkoba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifugo ya Kitale, nilifika na gambuti mpya, ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na mkoba wa ngozi nilioubeba kifuani kama mtoto mchanga. Afisa wa Mifugo wa Wilaya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alinitazama kutoka juu hadi chini kisha akauliza, "Binti, umekuja kutibu ng'ombe ama umekuja kuolewa?" Karani alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, na nawaambia ukweli, hadi leo sijaona kilichochekesha.

Siku hiyo hakuniruhusu kudunga mnyama hata mmoja. Nilishika kamba, nikachota maji, nikasikiliza. Kila boma tuliloingia aliamkua kwanza, akauliza habari za watoto, za mvua na za mahindi, ndipo akafika kwa ng'ombe. Ameanza kuugua lini? Amekula nini? Nani mwingine amemwona? Amepewa dawa gani? Akishajibiwa, anageuka kutazama ndama, halafu anauliza tena maswali yale yale kana kwamba hakusikia. Tuliporudi kwenye Landrova nilimwuliza kwa nini anawachosha watu. "Mara ya kwanza wanakujibu kwa heshima," akasema. "Mara ya pili wanakujibu ukweli."

Ng'ombe wa kwanza kufia mikononi mwangu alikuwa wa mjane mmoja nje ya mji. Alikuwa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na tuliitwa akiwa tayari anapumua kwa shida. Nilifanya yote niliyofundishwa chuoni, akafa. Nilirudi ofisini nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Afisa wa Wilaya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho tutarudi kwa yule mama," akasema. "Mkoba uache hapa."

"Bila mkoba tutafanya nini, bwana?"

"Tutakaa."

Tukaenda, tukakaa. Nyinyi vijana wa kazi hii hamkuuona utaratibu huu, na haukuandikwa katika kitabu chochote cha idara, lakini katika ofisi yetu ulifuatwa kama sheria. Mnyama akikufia, unarudi kesho yake mikono mitupu, ili mwenyewe aone hukuja kuuza sindano nyingine. Unatoa pole. Akikuuliza kilichotokea, unamjibu vile ulivyofanya, na ulichosahau kufanya pia. Asipouliza, unakunywa chai yake na kuondoka. Mkubwa wako anakaa kando yako na hasemi neno. Mjane yule alitupa chai yenye maziwa ya ng'ombe wa jirani, nami nilikunywa huku machozi yakinidondokea kikombeni, wala sikuona haya.

Kutoka hapo nilihamishiwa kwenye majosho. Josho ni lile shimo refu la saruji lenye maji ya dawa, ambamo ng'ombe huogeleshwa ili kupe wafe. Msimamizi wa Majosho aliamini kwamba wanawake wanaogopa kupe, akawa ananipangia kazi ya kuandika tu. Nilivumilia kidogo, kisha asubuhi moja nikamkabidhi kalamu nikaingia mimi kwenye matope. Baadaye nikapelekwa Bungoma, machinjioni, chini ya Mkaguzi Mkuu wa Nyama, mzee aliyekuwa akikata tezi za mzoga kutafuta ugonjwa, akanusa, akapiga muhuri au akakataa, na wenye bucha wangeweza kulia mbele yake asigeuke. Kwake nilijifunza kusimama imara. Huko Bungoma nilibaki mpaka nywele zikageuka mvi, nikitibu, nikikagua, na nikilea vijana wengi waliopita mikononi mwangu. Niliwalea vile nilivyolelewa, kwa kutembea nao na kuwakaripia.

Nilipostaafu nilirudi kwenye kishamba changu Kitale. Mkoba niliuweka kando ya mlango, tayari. Mwanzoni watu walipiga simu. Kisha wakapata namba za vijana wenye pikipiki, na paka wangu akaufanya mkoba ule kitanda. Kila asubuhi nilimfukuza, na kila jioni nilimkuta amerudi. Niseme wazi kwamba iliniuma. Uchungu ule niliumalizia kwa paka.

Ndipo katibu wa tawi la chama chetu, chama cha wataalamu wa afya ya mifugo, aliponipigia. "Mama, chama kinakutafuta."

"Kimenipata. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Mama. Tunataka walezi wa vijana."

Mpango wenyewe uko hivi, kwa wale ambao hamjajiunga. Mwanachama mkongwe anajiandikisha kwenye tovuti ya chama, anaeleza amefanya kazi wapi na ni jambo gani analijua vizuri. Mwanachama mchanga naye anaeleza anataka kukua wapi, kisha anasoma habari za walezi na kuchagua. Yeye ndiye mwenye kuchagua. Mlezi anangoja tu, na unaweza kukaa pale wiki nyingi kama msichana asiyeposwa. Ukichaguliwa, kamati ya tawi huangalia kama mnafaana, na kuhakikisha wewe si bosi wake wala ndugu yake. Mkutano wa kwanza, uso kwa uso kwenye simu, ni wa makubaliano: anataka kufika wapi, mtaongea kila baada ya muda gani, na kwamba siri zake hazitoki nje. Miezi sita ikiisha mnafunga rasmi na kila mmoja anasema alichopata. Msipopatana, yeyote anaweza kujitoa bila kulaumiwa.

Masharti mawili yalinikera. La kwanza, mlezi hatibu mnyama kwa simu, kwa sababu anayemwona mnyama ndiye anayewajibika. Hilo nililielewa, ingawa mikono iliniwasha. La pili ni kwamba mlezi anauliza kuliko anavyoagiza. Anaweza kusimulia yaliyompata yeye, lakini uamuzi ni wa yule mchanga. Siku ya mafunzo ya mtandaoni, mwezeshaji, kijana wa sauti laini kama ya mchungaji wa kanisa, aliniambia, "Mama, mwanachama wako akinyamaza, jaribu kungoja."

"Ng'ombe akianguka hangoji," nikamjibu.

"Lakini huyu si ng'ombe, Mama."

Wazee wenzangu kwenye skrini walicheka, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuzima kipaza sauti, niliwasikia wote.

Aliyenichagua anaitwa Nafula. Ametoka chuoni juzijuzi, amekodi chumba karibu na Kibabii, na anazunguka na pikipiki yake kutibu mifugo hadi upande wa Misikhu. Hana ofisi wala mkubwa. Amejiajiri, kama wengi wenu siku hizi. Katika mkutano wa kwanza alisema anataka kujua namna ya kupata wateja na kuwashika. Katika mkutano wa pili niliongea mimi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye akawa anasema "sawa, Mama" mpaka bando lake likaisha. Nililala nikijipongeza.

Mkutano wa tatu alikuja bila picha.

"Washa kamera nikuone."

"Mtandao ni mbaya, Mama."

Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia hata kuku wa jirani yake. Nilifungua mdomo nimkaripie, nikamkumbuka yule kijana wa sauti laini, nikaufunga. Nawaambia, kunyamaza kule kulinichosha kuliko kulima. Nilihesabu vigae vya sakafu yangu, nikaanza tena.

"Mama," akasema hatimaye, "mimi naacha hii kazi. Nimepata duka hapa Bungoma, ya kuuza chakula ya mifugo. Naanza mwisho wa mwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba hawezi, kwamba namkataza. Badala yake nikauliza, "Kumetokea nini?"

Ikatoka polepole. Aliitwa kwa Mzee Wekesa, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa maziwa cha kijiji kizima. Ng'ombe wake wa gredi, wa kizungu mwenye maziwa mengi, alikuwa amezaa na sasa hasimami, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Hiyo ni homa ya maziwa: ng'ombe anapoanza kukamuliwa, maziwa yanavuta madini ya kalisiamu kutoka kwenye damu mpaka misuli inakosa nguvu. Dawa yake ni chupa ya kalisiamu mshipani, polepole sana, huku ukisikiliza moyo. Mara nyingi ng'ombe husimama mbele ya macho yako, na wewe unaonekana mtenda miujiza. Huyu alikufa kabla chupa haijafika nusu.

"Mzee aliniangalia tu, Mama. Kesho yake ni kila mtu, ati ule msichana ameua ng'ombe ya chairman. Sasa simu hailii. Hata nikipita barabarani watu wananyamaza. Si heri niuze tu unga ya ng'ombe?"

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa na swali moja, na jibu lake nililihisi tayari, lakini nilijua nikilitamka mimi litakuwa langu. "Nieleze ulivyofika," nikasema. "Anzia getini."

"Nikafika. Watu walikuwa wengi, wote wanasema haraka, haraka. Nikapasha chupa kwa maji moto. Nikatafuta mshipa..."

"Kabla ya chupa?"

Safari hii sikuhesabu vigae. Kamera ikawaka, na nikauona uso wake, mdogo, macho yamevimba.

"Sikuuliza kama amepewa kitu, Mama."

Kosa hili ni letu sisi wa kazi hii. Kwetu ng'ombe akianguka, kila mtu nyumbani anampigia daktari wake, na anayefika kwanza anadunga na kuondoka. Anayefuata, akizungukwa na kelele, anatibu kana kwamba yeye ndiye wa kwanza. Moyo wa ng'ombe hauwezi kubeba dawa ile mara mbili kwa karibu. Huenda hilo ndilo lililomwua, huenda alikuwa amechoka tayari. Nilimwambia hivyo, kwamba huenda hatutajua. Kisha, kwa kuwa masharti yanaruhusu kusimulia, nikamsimulia habari ya mjane, ya Afisa wa Wilaya, na ya mkoba ulioachwa ofisini.

"Sasa imepita wiki nzima," akasema.

"Imepita."

"Na nikienda nitasema nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Nitatoa pole. Halafu nitasema ile yangu."

"Nitakuja twende pamoja," nikamwambia, na hapo nilisahau mafunzo yote. "Kutoka Kitale hadi huko si mbali."

"Hapana, Mama. Ukikuja watasema nimeleta mkubwa wa kunitetea. Na wewe si ulisema mkubwa anakaa tu kando na hasemi? Basi kaa kando, hapo kwa simu."

Wakubwa wangu wote walikuwa na vyeo, na hakuna aliyewahi kuniweka mahali pangu vizuri namna ile.

Siku aliyokwenda, niliunguza mboga, nikamwagilia kitalu ambacho mvua ilikuwa imekinyeshea, na kila simu ilipolia nilijikwaa. Mojawapo ilikuwa ya katibu, akiuliza mpango unaendeleaje. Nilimwambia unaendelea vibaya na asinizibie laini.

Alasiri Nafula akapiga. Picha ilitikisika, nikaona ukuta wa zizi, nikaona nusu ya shavu lake. Aliongea kwa kunong'ona. Walimpa kiti. Alitoa pole, akakaa. Mzee Wekesa hakusema kitu. Chai ikaja, ikanywewa. Alipoona kikombe kinakwisha ndipo alipolitoa neno lake: "Mzee, siku ile sikuuliza kama mmempa ng'ombe dawa mbele yangu. Nilipaswa kuuliza. Hiyo ni makosa yangu."

Mama wa boma, mkewe Mzee, aliiweka chini thamosi. "Alipewa," akasema. "Asubuhi, na mtu mwingine. Tuliogopa kukuambia, ungekataa kumgusa."

Mzee alimkemea mkewe. Halafu mwenyewe akainamisha kichwa. Kisha akainuka, akatoka bila kuaga, na Nafula akajua mambo yamekwisha. Akawa anatafuta namna ya kushukuru kwa chai na kwenda zake.

"Halafu, Mama, akarudi anavuta ndama. Ule ng'ombe aliacha akikufa. Imekonda, inahara. Akaniuliza, 'Na huyu? Mkoba yako iko wapi?' Nikamwambia nimeacha nyumbani. Akaruka: 'Ati umeacha? Daktari gani anatembea bila mkoba, bana?'"

Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mimi vilevile. Nyuma yake nikasikia sauti nzito ikiita, "Daktari! Wacha simu, boda imeleta mkoba yako!"

Kazi yangu nimeifanya kwa mikono, na mikono hiyo haiwezi kupita kwenye skrini. Nilidhani mtu asiye na sindano wala amri hana cha kumpa mwenzake. Maswali ya ndama anayehara yalikuja yote kwa wakati mmoja: rangi ya kinyesi, joto la mwili, macho yameingia ndani kiasi gani, ananyonyeshwa nini. Niliyameza, likabaki moja tu lililokataa kumezwa.

"Una neno, Mama? Nataka kukata."

"Uliza kwanza amepewa nini."

"Nimeshauliza, Mama. Mara mbili."

Simu ikakatika. Jioni nilimkuta paka amejikunja juu ya mkoba kando ya mlango, amelala fofofo. Nilimpita taratibu nikaenda kufunga kuku.